Jani nene lifunike udongo, lakini lisiingie kikombeni



Anayepita Kamatanda mwezi wa nane anarudi nyumbani na rangi ya barabara kwenye viatu, kwenye kola ya shati na ndani ya pua. Mvua ilikatika tangu mwezi wa nne. Malori yanapita na mizigo ya mawe, vumbi linapanda, kisha linaanguka juu ya mabati, juu ya sombe na juu ya nguo zilizoanikwa. Asubuhi kila mama anashika ufagio na kufagia parsele yote mpaka ardhi inang'aa kama sahani. Parsele ikibaki na majani, jirani atasema: hapa hapana mwenyewe, hapa nyoka watazaa.

Sisi tuliosoma agronomia, tukiangalia parsele hiyo safi, tunaona ardhi iliyo uchi. Wakati wa kiangazi inaondoka kwa upepo, na mvua ya mwezi wa kumi na moja ikifika inaondoka kwa maji. Udongo wa juu, ule wenye chakula cha mimea, unashuka kwenye mfereji, na msingi wa nyumba unaanza kuonekana kama meno ya mzee. Ndiyo maana tunapenda sana mmea mmoja ambao sasa unaonekana katika parsele nyingi za huku. Lakini ndiyo maana pia tunataka kusema neno ambalo si tamu, kwa sababu sisi wenyewe tulikosea.

Maoni yetu ni haya: mmea huo upandwe kufunika ardhi ya Kamatanda, tena kwa wingi. Lakini majani yanayofunika ardhi ya Kamatanda yasiliwe, na yasipewe mtoto kama dawa. Anayetaka jani la kikombe alipande mahali pengine, ndani ya udongo mwingine.

Mmea wenyewe

Wengi mnaujua kwa pua kabla ya macho. Jani lake ni nene, lina maji ndani, lina manyoya mafupi kama kitambaa cha velu, na pembeni lina meno madogo. Ukiligusa tu, mkono unabaki na harufu kali inayofanana na tim ya kupikia. Wengine wanasema "dawa ya kikohozi", wengine "origano", wengine "ile maua ya kunuka". Hapa tutaliita jani nene.

Jina lake la kitabuni ni Plectranthus amboinicus. Siku hizi wataalamu wamelirudisha katika jina la zamani, Coleus amboinicus. Liliandikwa kitabuni mwaka 1790, na jina la "amboinicus" linatoka kisiwa cha Ambon, Indonesia. Lakini kwao si Indonesia. Linaota porini Afrika ya mashariki na ya kusini, Uarabuni na India. Ni mtoto wetu aliyeandikishwa ugenini. Leo wanalitumia Kuba, Brazil, Ufilipino na India, kwenye nyama, kwenye chai na kwa kikohozi. Harufu yake inatoka kwenye mafuta ambamo mara nyingi mna karvakroli na timoli, vitu vilevile vinavyonukisha tim na origano ya Ulaya.

Kwa nini linafaa kufunika ardhi? Kwanza, halipandi juu sana, linatambaa. Shina likilala chini, kila kifundo kinaweza kutoa mizizi, na mahali pa shina moja panakuwa zulia. Pili, linaweka maji ndani ya majani na mashina, kwa hiyo linavumilia kiangazi kuliko maua mengi ya parsele. Tatu, halihitaji mbegu. Jirani akikata kipande, naye amepata bustani.

Namna ya kupanda ni rahisi. Kata ncha za mashina, urefu wa sentimeta 10 mpaka 15. Ondoa majani ya chini. Acha vipande kivulini siku moja ili kidonda kikauke, la sivyo vitaoza. Vipande vikiachana sentimeta 40, parsele ndogo ya mita 2 kwa 5 inaomba vipande kama 60. Baada ya wiki mbili au tatu mizizi imeshika. Hapo vunja ncha ya kila shina, ili litoe matawi pembeni badala ya kukimbilia juu. Wakati mzuri huku kwetu ni mwanzo wa mvua, au mwezi wa pili na wa tatu, ili mizizi iwe imekomaa kabla ya kiangazi.

Kuna adui wawili. Adui wa kwanza ni maji yanayosimama. Mvua ya mwezi wa kwanza ikikuta jani nene ndani ya shimo, litaoza toka chini na kunuka vibaya. Inua tuta la sentimeta 10 au 15. Adui wa pili ni baridi. Likasi iko juu, karibu mita 1,300, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inashuka na kukaa kwenye mabonde. Jani hili halipendi baridi kali. Lipande karibu na ukuta au chini ya mwembe, si kwenye dembo. Na msilitume kazi lisiyoiweza: halivumilii kukanyagwa, na peke yake halizuii korongo. Mahali maji yanapokimbia kwa nguvu, tangulizeni nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiveri, jani nene lifuate nyuma.

Kuhusu nyoka, ba mama wana haki ya kuogopa. Acheni nusu mita tupu mbele ya mlango, na msiache zulia likue kupita goti. Kufunika ardhi hakuna maana ya kuacha pori.

Swali la mama mmoja

Sasa tufike kwenye kosa letu. Misimu miwili ya mvua imepita tangu tulipoleta vipande vya jani nene na kuvigawa kwa ba mama wa huku. Tulisema: funikeni parsele, na majani yatawasaidia kwa chai na kwa kikohozi cha watoto. Watu walifurahi. Sisi tulihesabu parsele zilizopandwa, tukaandika hesabu kwenye ripoti, tukapiga picha. Kazi ilionekana nzuri.

Kisha, kwenye mkutano mmoja, mama mmoja alisimama na mtoto mgongoni, akasema: "Ba agronome, munatukatazaka kukula lengalenga ya pembeni ya barabara. Sasa hii jani tunapatia batoto, yenyewe inakamata udongo ya wapi?"

Watu walicheka kidogo. Sisi hatukucheka. Hatukuwa na jibu, na mtu aliyesoma miaka mingi akikosa jibu la swali rahisi hivyo, inabidi arudi nyuma kuangalia alichofanya.

Kamatanda si kijiji cha mahindi tu. Ni mahali pa machimbo. Watu wanachimba shaba na kobalti, wanabeba magunia, wanapanga mawe mbele ya nyumba, wanayaosha. Mji wote wa Likasi, tangu ulipoitwa Jadotville mpaka ulipobadilishwa jina mwaka 1966, umeishi na viwanda vya madini. Shaba ilijenga nyumba na kulipa shule. Lakini iliacha pia kitu ndani ya udongo.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Wanaoishi karibu sana na machimbo na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wanaoishi mbali, na watoto walikuwa ndani ya hesabu hiyo. Mwaka 2014 utafiti mwingine ulifuata njia ambazo kobalti inapitia. Kwa watu wazima, chakula, na mboga zikiwemo, kilionekana njia kubwa. Kwa watoto, vumbi linaloingia kinywani nalo lina uzito.

Sasa litazame tena jani nene. Lina manyoya. Vumbi likianguka juu ya jani laini, mvua inaliondoa. Likianguka juu ya manyoya, linashikwa. Tena mmea huu unatambaa chini kabisa, pale vumbi na tope la mvua vinaporuka. Sifa zilezile zinazoufanya kuwa mfuniko mzuri wa ardhi zinaufanya kuwa dawa mbaya. Halafu mtoto mwenye kikohozi anakamuliwa maji ya majani mabichi, bila kupikwa, saa nyingine bila kuoshwa vizuri. Tunampa dawa ya vumbi iliyotiwa vumbi.

Maneno tunayosikia

Tulipoanza kusema hivi, watu walitujibu. Majibu yao yana maana, hatutaki kuyaruka.

Neno la kwanza: "Mmea unaota vizuri, kijani, hauna ugonjwa. Udongo ungekuwa mbaya, ungekufa." Ndugu zetu, katika Katanga hatuwezi kusema hivyo. Wote mnajua maua ya shaba, yale yanayoota kwenye vilima vya madini mahali ambapo miti inakataa kuota. Moja linaitwa Haumaniastrum katangense, na ni la ukoo mmoja na jani nene. Watafuta madini waliangalia maua kama hayo ili wajue shaba iko wapi. Kwa hiyo mmea unaweza kusimama na afya yake juu ya udongo wenye sumu. Na madini mengine, kama kadimiamu, yanaweza kuingia ndani ya mboga bila mboga kuonyesha alama yoyote. Kijani si cheti.

Neno la pili: "Tutaosha." Osheni, ndiyo, kwa maji safi, tena mara mbili au tatu. Kuosha kunapunguza vumbi la juu. Hakutoi kilichoingia kwa mizizi. Na moto hautoi madini: ukichemsha, viini vya magonjwa vinakufa, lakini kobalti na risasi zinabaki ndani ya sufuria.

Neno la tatu: "Tumekula mboga za hapa miaka yote, na hatujafa." Hili tunalisikia kwa heshima, sababu anayelisema mara nyingi ni mzee. Lakini madini hayafanyi kama nyoka, ambaye anauma na mtu anaanguka. Risasi inaingia kidogokidogo, na anayeumia zaidi ni mtoto, ambaye ubongo wake bado unajengwa. Hatutaona kaburi na kusema: hili ni la jani. Tutaona mtoto anayechelewa shuleni, na tutasema ni mvivu.

Neno la nne ndilo zito kuliko yote: "Na lengalenga? Na matembele? Mukikataza jani, mukataze na bukari basi. Tutakula nini?" Hapa tunakubali kwamba hatuna jibu lililokamilika. Hatuwezi kumwambia mtu asile, wakati hana mahali pengine pa kulima. Lakini jani nene ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu familia haihitaji gunia la majani hayo. Inahitaji machache tu kwa wiki. Mmea wa majani machache unaweza kulimwa ndani ya udongo safi bila gharama kubwa. Tukijifunza kwa jani hili, kesho tutafanya hivyo kwa lengalenga ya watoto wadogo, na kesho kutwa kwa nyanya.

Bustani mbili

Kwa hiyo tunapendekeza kila parsele iwe na bustani mbili za mmea mmoja.

Bustani ya kwanza ni ya ardhi. Hii ndiyo zulia: kando ya ukuta, chini ya miti, pembeni ya njia, upande ambao upepo wa barabara unatoka. Kazi yake ni kushika udongo na kukamata vumbi kabla halijaingia nyumbani. Ndani yake hakuna mtu anayechuma kwa kikombe, na mbuzi wasifungwe hapo. Mkiikata mwanzo wa mvua ili ichanue upya, mashina mliyoyakata yapandeni mahali pengine palipo uchi. Msiyatie kwenye mbolea ya mboga.

Wazo la kufunika ardhi yenye madini si letu tu. Watafiti wa agronomia wa Lubumbashi walijaribu katika mtaa wa Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda uliangukia miaka mingi mpaka majani yakakoma kuota. Walipanda nyasi za hapahapa, kama Microchloa kunthii, pamoja na chokaa na mbolea ya majani. Chokaa inapunguza uchachu wa udongo, na mbolea inashika shaba. Madini hayaondoki, lakini yanatembea kidogo. Penga Penga ilitumia nyasi kwa sababu nyasi hizo zimezoea shaba. Mahali udongo wetu ni mbaya kabisa, jani nene litashindwa, na hapo tufuate nyasi. Mahali linapoweza kuota, chokaa na mbolea vitalisaidia. Mawe ya chokaa tunayo karibu, Kakontwe. Lakini tumieni chokaa iliyosagwa au iliyokwisha kuzimwa kwa maji. Chokaa iliyotoka kwenye tanuru, ambayo haijazimwa, inaunguza mikono na macho.

Bustani ya pili ni ya kikombe. Hii ni ndogo: ndoo mbili za zamani zenye matundu chini, au magunia mawili, zikiwekwa juu ya meza ya mbao nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na vumbi la barabara. Funikeni kwa chandarua cha zamani wakati wa kiangazi. Na hapa kila kitu kinategemea mambo matatu.

Kwanza, chombo. Gunia lililobeba mawe ya madini lisitumike, hata likioshwa. Wala pipa lililobeba dawa za kiwanda. Tunajua gunia hilo ndilo liko karibu. Ndilo baya kuliko yote.

Pili, udongo. Uletwe kutoka mbali na machimbo, mbali na njia ya malori, mahali maji ya kuosha mawe hayafiki. Wengi wanapenda udongo wa kichuguu, nasi tunaupenda, kwa sababu vichuguu vikubwa vya Katanga vina kalsiamu na mfinyanzi kuliko udongo wa pembeni. Lakini mchwa anachimba chini sana na kupandisha alichokikuta. Kichuguu kilicho juu ya shaba kitakuwa na shaba. Chagueni kichuguu cha mbali. Changanyeni na mbolea iliyooza na mchanga kidogo, ili maji yapite.

Tatu, mbolea yenyewe. Maganda ya jikoni, majani ya miti ya mbali, samadi ya mbuzi: vizuri. Takataka za ufagio: hapana. Mama anayefagia vumbi la parsele na kulitia kwenye shimo la mbolea amerudisha barabara ndani ya chakula. Na kabla ya kufagia, nyunyizeni maji kidogo, ili vumbi lisipande kwenye pua za watoto.

Jambo moja zaidi kuhusu dawa. Jani nene linaweza kutuliza koo. Haliponyi homa ya mapafu. Mtoto anayepumua haraka, ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au anayekataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kungoja jani. Na mtoto mchanga asipewe maji ya jani lolote.

Deni letu, na lenu

Sisi wagawaji wa vipande tuna deni. Mradi unaoleta mmea katika sehemu ya madini bila kuuliza udongo umeleta nusu ya msaada. Tunaomba, na tumeanza kuomba kwa wakubwa wetu, kwamba kabla ya kugawa kitu chochote cha kuliwa huku, udongo upimwe kwanza maabara. Ripoti isihesabu parsele tu. Ihesabu pia parsele ambazo udongo wake unajulikana.

Koperative nayo ina sehemu yake. Kupima udongo wa parsele moja moja ni ghali. Lakini koperative inaweza kuchagua sehemu tano au sita: karibu na machimbo, karibu na barabara, katikati ya mtaa, na mbali. Ipime hizo pamoja, na majibu yabandikwe mahali pa mkutano, kila mtu ayaone. Siyo kumwaibisha mtu. Parsele ya mtu haikuchagua kulala juu ya shaba.

Yule mama aliyetuuliza bado ana zulia lake la jani nene mbele ya nyumba. Hatukumwambia aling'oe. Ardhi yake haitoki tena na mvua. Nyuma ya nyumba ameweka ndoo mbili juu ya meza, na udongo aliutoa kwenye shamba la mkubwa wake, mbali na machimbo. Mtoto wake mkubwa amefundishwa: ya mbele ni ya ardhi, ya nyuma ni ya kikombe. Mtoto wa miaka saba ameshika somo ambalo sisi, na diplome zetu, lilituchukua misimu miwili.

Mwenye maoni mengine atuambie kwenye mkutano ujao. Tutasikiliza, hasa maswali ya mama mwenye mtoto mgongoni.